Mwanamuziki Apewe Dakika Yake

Mwezi Agosti 2024, huko Melbourne, Australia, mpiga piano Jayson Gillham alisema maneno machache kabla ya kupiga kipande kilichotungwa kuwakumbuka waandishi wa habari waliouawa Gaza. Uongozi wa okestra ukamwondoa kwenye tamasha lililofuata, ukidai jukwaa lake si mahali pa mtu kutoa maoni yake binafsi. Lawama zilipozidi, ukakiri kwamba ulikosea.

Hoja hiyo ya jukwaa siikubali hata kidogo.

Kuona kwa nini, turudi nyuma hadi Washington, Januari 1973. Wiki chache nyuma, msimu wa Krismasi, ndege za Marekani zilikuwa zimeumiminia mji wa Hanoi, Vietnam, mabomu, na sasa Rais Nixon anajiandaa kuapishwa kwa awamu ya pili. Mtunzi Vincent Persichetti alikuwa ameombwa atunge kazi ya sherehe hizo kutokana na hotuba ya Abraham Lincoln ya mwaka 1865. Humo Lincoln anaomba janga la vita lipite upesi. Waandaaji walipoyaona maneno hayo, wakaifuta kazi nzima. Usiku wa tarehe 19, okestra ya Philadelphia ikampigia Rais "1812" ya Tchaikovsky, muziki wa ushindi, wenye mizinga ndani yake.

Usiku huohuo, katika kanisa kuu la mji, Leonard Bernstein aliongoza "Misa ya Wakati wa Vita" ya Haydn. Hakukuwa na kiingilio. Kanisa lilifurika, na maelfu wakabaki nje kwenye baridi wakisikiliza kwa vipaza sauti. Haydn aliitunga misa hiyo mwaka 1796, Austria ikipigana na Ufaransa. Kwenye sehemu ya mwisho kwaya inaomba rehema, na chini ya sauti zao ngoma za timpani zinadunda taratibu, kama jeshi linalosogea. Ndipo tarumbeta zinalipuka, na kwaya inaomba amani kwa nguvu zake zote.

Lipi kati ya matamasha hayo lilichanganya muziki na siasa? Yote mawili. Ila wanaotuonya tusivichanganye huwaoni pale mizinga inapopigwa kumfurahisha mkubwa.

Kwa hiyo mwanamuziki apewe dakika yake. Awataje waliouawa, aombe vita vikome, kisha apige. Asiyeafiki asipige makofi, hata akitaka ainuke atoke, ni haki yake. Lakini mkurugenzi wa okestra asimfutie mtu tamasha kwa sababu amewataja waliokufa.