Borrow na Lend: Vitenzi Viwili vya Kiingereza Mkabala na Kuazima na Kukopa



Ingawa Kiingereza kimefundishwa katika shule ya Minaki, Kisarawe, tangu miaka ya 1920, na Kibaha tangu shirika lake la elimu lilipoasisiwa katika miaka ya 1960, kosa la kuandika “borrow me your pen” mahali pa “lend me your pen” lingali hai katika madaftari ya wanafunzi wetu. Na kwa kuwa huwapata hodari na wazito sawasawa, yatupasa kuitafuta asili yake kabla ya kulitia wino mwekundu.

Kuhusu maana, Kiingereza huwatazama watu: apokeaye ana kitenzi chake, borrow, na atoaye ana chake, lend. Kiswahili hutazama kwanza mali. Jembe au kitabu, ambacho hakina budi kurejea chenyewe kwa mwenyewe, huazimwa. Fedha, ambazo hutumika zikaisha na kulipwa kwa nyingine za kadiri ile ile, hukopwa. Na wanazuoni wa fiqhi nao, kwa hoja kama hiyo, hutenga ariya (kuazima) na karadhi (kukopa). Mpaka huu Kiingereza hakiutambui katika vitenzi hivi, kwani jembe na shilingi vyote ni borrow kwa mpokeaji na lend kwa mtoaji.

Kuhusu sarufi, kuazima hubeba pande zote mbili bila ya kuzichanganya. “Aliazima jembe kwa jirani” ni kupokea. “Alimwazima jirani jembe” ni kutoa, na ishara yake ni kiambishi -mw- kinachomtaja mpewa. Lend huafikiana na sentensi hii ya pili, maana hukubali mtu na kitu kwa pamoja, “she lent me a hoe”, au kitu hutangulia na mtu akafuata baada ya to. Borrow huafikiana na ile ya kwanza: mtoaji hatajwi ila kwa kutanguliwa na from, “I borrowed a hoe from her”. Katika wakati uliopita, borrow huwa borrowed kwa kanuni ya kawaida, na lend hugeuka lent.

Basi mwanafunzi asemaye “borrow me” hakukosa akili. Amelitendea neno la kigeni kama “niazime”, ambalo kwake ni sahihi kabisa. Kwa hiyo napendekeza somo lianze na kukopa na kukopesha, jozi ambayo kila mtoto huisikia nyumbani katika habari za vikundi vya akina mama: mwanachama hukopa, kikundi hukopesha, na mnyambuliko huo umekwisha kutenga mpokeaji na mtoaji kama Kiingereza kinavyotaka. Hapo ndipo ahamishiwe kwenye jembe la shamba la mihogo na kitabu cha maktaba, atunge sentensi za pande zote mbili, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Mwalimu atakayefuata utaratibu huu atafundisha lugha mbili kwa saa moja, wala hatamfanya mtoto aione lugha ya mama yake kuwa ndiyo kizuizi cha elimu.