Soma Kibati Kabla ya Kutoa Fedha

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na mafundi seremala waliohitimu kisomo)

Ndugu mafundi, ndugu wanakisomo,

Mmeniambia kuwa umeme umefika na mnataka kununua mashine. Leo sikuja na kitabu. Nimekuja na mashine iliyokufa. Ipitisheni mkono kwa mkono, kila mtu aitazame.

Hii ni randa ya umeme. Ilinunuliwa na kikundi kingine cha mafundi, na mimi ndiye niliyewashauri. Walikuwa na kazi ya madawati ya shule, na fedha zao zilikuwa za mkopo. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tununue ipi?" Nikamjibu upesi, "Nunueni yenye jina kubwa. Rahisi ghali." Tukaipata hii, imetumika kidogo, imetoka Japani. Tukalipa. Siku ya kwanza ikalia kwa sauti kali, ikatoa moshi, ikanyamaza. Madawati yakachelewa. Deni likabaki palepale.

Kosa halikuwa la mashine. Tazameni kibati hiki ubavuni. Kimeandikwa 100 V, maana yake volti 100. Huo ndio umeme wa nyumba za Japani. Wetu Tanzania ni volti 230. Mimi mwenye cheti cha ualimu nilisoma jina la kampuni, namba sikuisoma! Basi, ndugu zangu, msirudie kosa langu.

KWANZA: SOMA KIBATI

Tafuta herufi V. Namba yake iwe 220, 230 au 240. Ukiona 100, 110 au 120, iache hata kama inang'aa. Hiyo ya 120 ni ya umeme wa Marekani.

Kisha tafuta herufi W, yaani wati. Hiyo ni nguvu ya mashine, na pia ni ulaji wake wa umeme. Mashine ya wati 1000 ikila umeme wake wote kwa saa moja, imemaliza uniti moja ya LUKU.

PILI: PIGA HESABU

Si kila mashine inastahili fedha nyingi. Jiulizeni: kazi gani inatutoa jasho kila siku? Kwa fundi wa milango na vitanda, ni kupasua mbao na kupiga randa. Mninga na mkongo si miti ya mchezo. Hapo mota inabanwa tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo msumeno na randa ndizo za kutolea fedha nzuri. Lakini keekee ya kutoboa matundu machache ya bawaba yaweza kuwa ya bei ya kati. Msasa mnaweza kuendelea kupiga kwa mkono kwanza.

Tuchukue mfano. Mashine moja ni shilingi 600,000, nayo inadumu miaka 5. Kila mwaka imekula shilingi 120,000. Nyingine ni shilingi 200,000, lakini kwa kazi ya kila siku inakufa baada ya mwaka mmoja. Ipi ni ghali? Ni hiyo ya pili. Lakini kama kazi yako ni siku mbili tu kwa mwezi, huenda hiyo ya pili ikadumu miaka 4. Hapo imekula shilingi 50,000 kwa mwaka. Hesabu imegeuka!

TATU: ULIZA VIPURI

Mota nyingi za namna hii zina vipande viwili vya kaboni, vinavyolika kama chaki. Randa ina mkanda na visu pia. Vikiisha, na vipya havipatikani, mashine ya bei kubwa ni sawa na jiwe. Mwambie mwenye duka akuonyeshe vipuri hivyo kabla hujalipa.

Majina kama Makita ya Japani na Bosch ya Ujerumani yanaheshimiwa. Kwa sababu hiyo wapo watu wanaoyabandika kwenye mashine za bandia. Nunueni mahali panapotoa stakabadhi na dhamana ya maandishi.

Mashine za betri je? Ni nzuri kwa anayefunga milango kwenye nyumba za watu. Lakini betri huzeeka, na kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine. Karakana yenye umeme itanufaika zaidi na mashine ya waya.

Tena, msimalize fedha zote kwenye mashine. Bakizeni za diski nzuri ya msumeno na miwani ya kukinga macho. Diski butu huchosha mota bora. Na kabla ya kubadili diski au kisu, chomoeni waya ukutani.

Wale wenzetu walimaliza madawati kwa randa za mkono, usiku na mchana. Baadaye walikwenda dukani tena, nami nikafuatana nao. Safari hiyo mama mmoja, mhitimu wa kisomo, aliinamisha mashine na kukisoma kibati kwa sauti mbele ya mwenye duka, kabla sijafungua mdomo.



MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kazi gani katika karakana yenu inachukua saa nyingi zaidi?
2. Vipuri vya mashine mnayoitaka vinapatikana wapi, na kwa nauli kiasi gani?
3. Tafuteni kibati kwenye redio au pasi ya umeme. Kimeandikwa nini?