Ardhi ya Watu wa Msituni
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Nyeri)



Nimeombwa niseme juu ya watu wa misituni na haki yao ya ardhi. Najua wengine wenu mwauliza, jambo hili lahusu nini chama cha wafanyi kazi? Mishahara yenyewe haijapanda, na huyu atuletea habari za Waogiek walio mbali huko Mau. Ngojeni kidogo.

Mimi nilizaliwa kambini, ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Wengi wenu vile vile. Mpango wa kulima msituni mwaujua, ulianzishwa na Wazungu mwaka 1910. Mtu alipewa kipande cha msitu uliokwisha katwa, akalima mahindi, maharagwe na viazi, na katikati ya mimea akapanda miche ya saipresi na kuipalilia. Baada ya miaka kama mitatu miti ilifunika, viazi havikupata jua tena, naye akahamishwa kufyeka pengine. Mbao nyingi zilizojenga miji yetu zilikuzwa kwa jembe la mtu asiye na ardhi. Nyumba alikuwa nayo, lakini ilikuwa nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulima huko kulipokomeshwa, watu walitolewa. Wengine walikaa kando ya msitu katika vibanda kwa miaka ishirini, mpaka serikali iliponunua sehemu ya ranchi ya Solio na kuwakatia nusu eka ya kujenga na eka nne za kulima. Wengine hawakupata hata hiyo. Mama yangu alikuwa mmoja wao, lakini hayo tuyaache.

Sasa Waogiek. Hao hawakuletwa msituni na kazi. Waliishi Mau kwa kuwinda na kutundika mizinga, na kila ukoo ulijua mpaka wake. Mwaka 1932 iliundwa Tume ya Ardhi, mkubwa wake Sir Morris Carter. Ilisikiliza madai ya Wakikuyu, na tunajua ilivyotupunja. Lakini hao waliowaita Wandorobo hata hawakuhesabiwa kuwa wenye ardhi. Ripoti ya mwaka 1934 ilisema heri wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine. Uhuru ukaja, na neno lile likabaki.

Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 kutoka Mau. Wakalalamika kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo mwaka 2012 ikaipeleka Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilisema serikali imevunja haki zao, pamoja na haki ya ardhi, ya dini na ya utamaduni. Serikali ilijitetea kwamba yalinda msitu. Majaji wakajibu kwamba haikuthibitishwa kuwa Waogiek ndio walioharibu Mau. Tarehe 23 Juni 2022 wakaamuru walipwe shilingi 157,850,000, na ardhi yao ipimwe na kuandikwa kwa jina la jamii katika miaka miwili. Lakini Novemba 2023, muda ule haujaisha, nyumba za Waogiek zilibomolewa huko Sasimwani. Juni 2024 miaka miwili ikatimia, na hati hawajapewa.

Kwa nini ni vigumu hivyo? Someni Katiba ya 2010. Ibara ya 63 yasema ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji ni ardhi ya jamii. Ibara ya 62 yasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Basi msitu mmoja una wenyewe wawili katika kitabu kimoja, na mwenye bunduki na lori ni mmoja. Wasengwer wa Embobut, waliochomewa nyumba mwaka 2014, wamekwama papo hapo.

Bunge laweza kulikata jambo hili. India walitunga sheria mwaka 2006 kwa ajili ya makabila ya misituni na wengine waliolima humo vizazi vingi: kila jamaa yaweza kuandikiwa ardhi waliyokuwa wakiikalia kabla ya tarehe 13 Desemba 2005, isizidi hekta nne, na kijiji kina haki ya kuutunza msitu wake. Maombi mengi yamekataliwa huko, sitawadanganya. Lakini mtu ana mahali pa kupeleka ombi.

Sasa neno litakalowaudhi wengine. Nimesikia hapa Nyeri watu wakisema, Waogiek wakipewa, na sisi tuliozaliwa kambini tupewe msitu. Mimi sikubali. Dai letu ni la mfanyi kazi aliyetolewa nyumbani bila malipo, nalo ni dai la haki, lakini si dai la babu. Wazee wetu wenyewe walitusimulia juu ya Agumba na Athi waliokuwa katika matuta haya kabla yetu. Tukichanganya madai mawili tutayaua yote mawili, na watakaofurahi ni wale wanaotaka msitu ugawanywe vipande kwa marafiki zao. Na maji ya mashamba na mabomba yetu yatoka wapi? Msitu wa mlima ukiisha, hata hizo eka nne za Solio zitakuwa vumbi.

Kwa hivyo naomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, chama kiandikie Bunge kwamba hukumu ya Arusha itimizwe. Pili, madai yetu yaandikwe mbali, kwa jina la kila jamaa. Mahakama haisikii kilio, yasikia ushahidi. Kadi ya kazi ya baba, karatasi ya mshahara, cheti cha shule ya kambini, hata picha mbele ya nyumba ya mbao, vileteni. Karani atakuwa na daftari hapa ofisini kila Jumamosi mpaka saa saba mchana.