KAZI YA UHUNZI NA HESABU YAKE
(Hotuba kwa wanachama wafua chuma)

Ndugu wanachama,

Kazi yetu ni ya heshima, lakini wengi wetu twatoka jasho mchana kutwa na jioni mfuko ni mtupu. Yafaa tujiulize sababu.

Wazee wetu hawakununua chuma dukani. Katika nchi ya Wakikuyu wahunzi walichota mchanga wa chuma mitoni, wakautia katika moto wa makaa uliopulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Leo twatumia vyuma vikuukuu, lakini moto na nyundo havikubadilika.

Kwanza, tujue chuma chetu. Springi ya gari ni pua, yafaa kwa panga na patasi. Chuma laini cha madirisha hakishiki makali, hata kikizimwa majini mara kumi. Pua ifuliwe ingali nyekundu. Wekundu ukififia, irudi motoni, la sivyo itapasuka. Ikiisha kuzimwa, isuguliwe ing'ae, kisha ipashwe polepole mpaka rangi ya manjano, kama digrii 230. Bila hivyo itavunjika kama kigae.

Pili, tulinde afya. Bomba au bati lenye zinki lisitiwe motoni. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka.

Tatu, tujue twanunua kwa nani. Mwezi wa Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za umeme. Waharibifu walikuwa wachache, walioumia ni wengi. Sheria ya mwaka 2015 yataka mfanya biashara ya vyuma hivyo awe na leseni. Basi tuulize leseni, na tuandike jina na tarehe daftarini.

Nne, hesabu. Tuseme chuma cha panga ni shilingi 150, makaa 60, mpini 40. Jumla 250. Mwenye kuuza kwa 300 hudhani amepata faida ya 50. Je, saa mbili za nyundo? Kodi ya kibanda? Nyundo inayochakaa? Huyo ameuza nguvu zake kwa shilingi 25 kwa saa, na kodi bado hajalipa.

Mnunuzi hupita kibanda hata kibanda akitushindanisha. Tukishusha bei kila mmoja peke yake, sote twaanguka. Ndugu, kila mtu na aweke daftari, na ujira wake auandike kabla ya faida.

Umoja ni nguvu.