Leseni Kwanza, Kazi Baadaye



Leo wacha tuangalie kazi inayoendelea mwilini mwako sasa hivi, uwe umefunga au umeshafuturu. Kabla seli haijagawanyika, ni lazima inakili DNA yake yote, herufi kama bilioni 6, kwa muda wa saa 8 hivi. Je, huanzia wapi, na ni nani anayeiambia "anza"?

Chukua kromosomu nambari 1, yenye herufi milioni 250 hivi. Mashine ya kunakili huenda kama herufi 2,000 kwa dakika. Lau ingeanzia katikati peke yake na kwenda pande zote mbili, kazi ingepita siku 40! Ndiyo maana seli hutumia maelfu ya vituo vya kuanzia.

Katika hamira ya mkate, vituo hivyo vimeandikwa kwa herufi maalumu. Kwa binadamu sivyo. Kundi la protini liitwalo ORC hutua zaidi pale DNA ilipokunjuka, karibu na jeni zinazofanya kazi. Sehemu zilizokunjwa na kubanwa hungoja mwisho. ORC, ikisaidiwa na Cdc6 na Cdt1, huivisha DNA pete za protini ziitwazo MCM. Hiyo ndiyo leseni. Lakini pete hizo hulala tu mpaka vimeng'enya vinavyoongoza saa ya seli vitoe amri.

Na sikiza hapa: kazi ikianza, utoaji wa leseni hufungwa. Protini iitwayo jeminini huikamata Cdt1. Kwa hivyo kila sehemu hunakiliwa mara moja tu. Lau mlango ungebaki wazi, sehemu zingerudiwa, DNA ikakatika, na saratani ikapata njia.

Na leseni zikipungua je? Mwaka 2011 wataalamu walitambua kwamba hitilafu katika jeni za ORC na wasaidizi wake husababisha ugonjwa wa Meier-Gorlin. Mtoto huwa na kimo kifupi na masikio madogo, na mara nyingi pia za magoti hukosekana au huwa ndogo mno.

Basi ndugu yangu, ukimwona mtoto mfupi kuliko wenzake, usimpachike jina la mzaha. Huenda jambo lake lilianza tumboni mwa mamake, kwa leseni chache tu.