Milio ya Juu ya Ikweta: Mhadhara kwa Watu wa Mlowo

 

Kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma, mmekijua tangu utotoni, kwa hiyo sina haja ya kuwashawishi kwamba mambo ya angani yanawahusu. Leo nawaletea jambo la angani lisiloshikika, ila linasikika.

Washa redio ya betri kwenye masafa ya kati wakati mvua inajikusanya. Kabla ngurumo haijakufikia, spika inakwaruza: kra, kra. Kila mkwaruzo ni radi. Mengi ya mawimbi ya radi hubaki huku chini, lakini mengine hupenya juu na kufuata nyuzi za sumaku ya Dunia mpaka ng'ambo ya ikweta. Njiani mlio mwembamba hutangulia, mzito huchelewa. Mwenye waya mrefu na kikuza sauti kule husikia filimbi inayoshuka: fyuuu. L. R. O. Storey alilieleza hilo mwaka 1953. Kwetu filimbi hizo ni adimu, maana nyuzi za sumaku zinazoanzia huku hazipandi juu sana.

Juu zaidi iko mikanda miwili ya mnururisho aliyoigundua James Van Allen mwaka 1958, yaani chembe zilizonaswa na sumaku ya Dunia. Humo mawimbi huzaliwa yenyewe, hasa karibu na ikweta ya sumaku. Kuna milio mifupi inayopanda, mmoja juu ya mwingine. Ukifumba macho utadhani ndege wameamkia kwenye mibuni. Wataalamu wanaiita kwaya, na huvuma zaidi upande wa Dunia kunakopambazuka. Kwaya hiyo husukuma baadhi ya elektroni zikakaribia mwendo wa mwanga, zikawa hatari kwa setilaiti. Upo pia mvumo kama manyunyu juu ya bati. Huo huzipukutisha elektroni zikaangukia hewani, ndiyo maana kati ya mikanda hiyo pana pengo.

Nilisoma fizikia miaka mingi kabla ya kujua hili ninalowaambia sasa, na bado linaniuma. Tarehe 15 Novemba 1971, setilaiti ya Marekani Explorer 45, yenye kilo kama 52, ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ni pwani yetu hii ya Waswahili! Pale ni jirani na ikweta, na chombo kilitakiwa kuzunguka juu ya ikweta, kikipanda mpaka kilomita zipatazo 27,000 na kushuka tena, kikipasua mikanda kila mzunguko. Kilibeba koili za kunasa mawimbi pamoja na vipimo vya chembe, kikafanya kazi hadi 1974. Hesabu zake za elektroni zilipolinganishwa na nadharia ya mvumo, zikakubaliana.

Sasa naomba tuzime simu na tufunge madirisha ya upande wa barabara, tuyasikilize mawimbi hayo. Rekodi ya kwanza ni mvumo. Ya pili ni kwaya.