Haki Hutolewa Bure, Lakini Ina Gharama



Kwa miaka mingi wakili alikaa mjini na mnyonge kijijini, na kati yao palikuwa na nauli na ada. Mjane aliyenyang'anywa shamba alikuwa na haki. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha pa kuidai.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua, Tanzania Bara, wasaidizi wa kisheria: si mawakili, bali watu waliopewa mafunzo, wakaao miongoni mwetu. Huelimisha, huwashauri wagombanao wapatane, na humwelekeza mtu kwenye chombo kinachohusika. Asiye na uwezo husaidiwa bila malipo.

Lakini msaidizi naye hula, na husafiri kwa nauli. Tukimwachia mzigo huo peke yake, ama atachoka, ama atamnyoshea mjane mkono, na ada iliyotolewa mlangoni itarudi kwa dirishani. Kwa hiyo tunazisihi Jumuiya Ndogo Ndogo zitenge kitu katika mfuko wao kwa ajili ya nauli yake. Gharama asiyoiweza mnyonge na tuibebe sote.